Rwamagasa: Mgodi unapoishia jikoni

GEITA. Msimu wa mananasi ukifika, anayetoka Geita mjini kuelekea Rwamagasa husindikizwa na mafungu ya mananasi yaliyopangwa kando ya barabara. Kisha lami inaachwa nyuma, vumbi jekundu linaanza, na pande zote mbili yanaonekana mashamba ya mahindi na mihogo kama kijiji kingine chochote cha Kanda ya Ziwa. Kinachomjulisha mgeni kwamba amefika si kibao. Ni kelele. Makarasha husikika kabla nyumba hazijaonekana, yakisaga mawe tangu asubuhi hadi giza linapoingia, na mafuta ya dizeli yakiwepo huendelea hata usiku.

Rwamagasa, ambayo wengine huandika Lwamgasa, iko kusini-magharibi mwa mji wa Geita. Ni miongoni mwa maeneo ya wachimbaji wadogo yanayofahamika zaidi nchini, na pengine ndiyo yaliyochunguzwa zaidi na wataalamu wa afya na mazingira. Mkoa huohuo una mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa rasmi mwaka 2000, wenye uzio, geti, walinzi na maofisa ambao kazi yao ni mazingira tu. Huko mwenye mgodi anajua ardhi yake inaanzia wapi na inaishia wapi.

Rwamagasa mpaka wa namna hiyo haupo. Duara, yaani shimo la kuchimbia, liko hapa. Karasha liko pale. Mwalo wa kuoshea mchanga uko bondeni. Genge la nyanya liko katikati yake, duka la dawa upande wa pili, na watoto wenye sare za shule wanakatiza kila mahali kwa sababu njia ya kwenda shule ndiyo hiyohiyo. Ukiuliza mgodi unaishia wapi, jibu sahihi ni kwamba mara nyingi unaishia jikoni.

Kwa mzazi ambaye hajawahi kufika machimboni, ni vizuri kwanza kuelewa kazi yenyewe inavyokwenda.

Jiwe likitoka ardhini hupondwa kwa nyundo, kisha husagwa kwenye karasha hadi liwe unga. Unga huo humwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Mchanga mwepesi huondoka na maji, na ule mzito wenye dhahabu hunasa kwenye magunia. Magunia hukung'utwa ndani ya beseni, na hapo ndipo zebaki inapoingia. Mchenjuaji humimina matone machache na kukoroga, aghalabu kwa mikono mitupu. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni, na kutengeneza donge laini lenye rangi ya fedha. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, na zebaki iliyozidi hurudi kwenye chupa.

Donge lililobaki si dhahabu bado. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Ili dhahabu ibaki peke yake, lazima lichomwe.

Kuchoma hakuhitaji mtambo. Panahitajika jiko la mkaa, kopo au kipande cha bati, na dakika chache za subira. Donge hupoteza weupe wake polepole, likageuka kahawia, kisha manjano iliyofifia. Zebaki haikuungua. Imegeuka mvuke usio na rangi wala harufu, na mvuke huo umeingia kwenye hewa ya mahali jiko lilipo.

Swali muhimu kwa familia ni hilo: jiko lilikuwa wapi?

Mara nyingi lilikuwa nyumbani. Mtu aliye mbali anaweza kuuona huu kuwa uzembe, lakini wachimbaji wana sababu zao, na sababu hizo zina mantiki. Mwaloni kuna macho mengi. Kuna mwenye duara anayesubiri mgawo wake, mwenye karasha anayedai, broka anayetaka kununua kwa bei yake, na rafiki aliyekopesha unga wa sembe wiki iliyopita. Mtu aliyepata donge la ukubwa wa punje ya mahindi hataki lichomwe mbele ya wote hao. Hulifunga kwenye kipande cha nailoni, huliweka mfukoni, na jioni hulichoma kwa siri pale ambapo ni mkewe na watoto tu wanaoona. Nyumba ndiyo benki yake na ndiyo mahali salama pekee anapopajua.

Basi mlango unafungwa. Dirisha, kama lipo, linafungwa pia. Mtoto mchanga yuko mgongoni kwa mama. Jiko ni lilelile litakalopikiwa ugali baadaye.

Mapafu ya binadamu hayana kinga dhidi ya mvuke wa zebaki. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Unaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Kwa mjamzito unapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni, wakati ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Cha ajabu ni kwamba zebaki hiyohiyo ikimezwa ikiwa majimaji hufyonzwa kidogo sana tumboni. Wachimbaji wa zamani wanalijua hilo kwa uzoefu, na ndiyo sababu wengi hawaiogopi. Wameishika kwa mikono miaka mingi na hakuna aliyeanguka. Hatari yake kubwa haipo kwenye kuishika. Ipo kwenye pumzi.

Shirika la Afya Duniani limeiweka zebaki kwenye orodha yake ya kemikali kumi zinazotia wasiwasi mkubwa kwa afya ya jamii. Dalili zake, kwa bahati mbaya, hazijitambulishi. Mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kumbukumbu kupungua, hasira zisizo na sababu, fizi kuvimba, kichwa kuuma, uchovu usiokwisha. Katika eneo lenye malaria, mtu mwenye maumivu ya kichwa na uchovu hupimwa malaria, na si ajabu akakutwa nayo kweli. Anapewa dawa, anapona malaria, na kilichobaki anaambiwa ni mawazo. Kwa mtoto ni vigumu zaidi. Mtoto anayechelewa kuongea, anayeshindwa kushika kalamu vizuri au kukumbuka alichofundishwa jana, huitwa mzito tu.

Mwaka 2003, chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, wataalamu waliwapima watu wa Rwamagasa na kuwalinganisha na wakazi wa Katoro, mji wa biashara ulio katika eneo hilohilo la Geita. Miongoni mwa waliokuwa wakichoma dhahabu, takriban robo walionekana kuwa na sumu ya zebaki iliyojijenga mwilini kwa muda mrefu. Utafiti mwingine, uliochapishwa miaka michache baadaye, ulipima maziwa ya akina mama wanaoishi kwenye maeneo ya machimbo nchini Tanzania, Zimbabwe na Indonesia. Zebaki ilikutwa humo pia, na baadhi ya akina mama walikuwa na kiwango cha juu.

Habari ya maziwa humshtua mzazi yeyote, kwa hiyo isemwe kwa uangalifu. Haimaanishi kwamba mama wa machimboni aache kunyonyesha na kukimbilia maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji ya kisima. Kuhara kunaua watoto haraka kuliko zebaki. Kinachotakiwa kuondoka nyumbani ni uchomaji. Mama mwenye wasiwasi amweleze mhudumu wa kliniki waziwazi kwamba nyumbani dhahabu inachomwa, kwa sababu asiposema, mhudumu hana njia ya kujua.

Kuna jambo moja kuhusu Rwamagasa ambalo wageni wengi hukosea. Kwa kuwa Geita iko kwenye Kanda ya Ziwa, hudhaniwa kwamba uchafu wa machimbo yote unatiririkia Ziwa Victoria. Rwamagasa iko upande wa pili wa mwinuko. Maji yake huelekea kusini na kuungana na mito inayokwenda hadi Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Watafiti waliofuata njia hiyo ya maji walichapisha matokeo yao mwaka 2005. Walitarajia kuona zebaki imesambaa mashambani na mitoni. Walichokuta ni kwamba udongo wa mashamba mengi ulikuwa na zebaki kidogo tu. Kiwango cha juu kilikuwa kwenye udongo wa makazi yenyewe, na kwenye bustani za mboga zilizofikiwa na maji ya uchenjuaji. Baadhi ya samaki waliovuliwa jirani na uchenjuaji walikuwa nayo pia, kupita kiwango kinachokubalika kwa chakula.

Tafsiri yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba zebaki haikwenda mbali. Imebaki uani. Mvuke unapopoa hutua kwenye bati, kwenye ukuta wa udongo, kwenye neti, kwenye nguo zilizoanikwa ndani. Siku ya jua kali sehemu yake hupaa tena. Chumba kilichochomewa dhahabu mwaka jana bado kinaweza kuwa kinatoa zebaki mwaka huu, hata kama mwenye kuchoma amekwisha hama na mpangaji mpya ni mwalimu au muuza mitumba asiyejua historia ya chumba hicho.

Uchomaji wenyewe haumaliziki kwa mara moja. Dhahabu inayotoka jikoni bado ina mabaki ya zebaki, na mnunuzi huichoma tena kwa moto mkali zaidi kabla ya kupima uzito, kwa sababu hataki kulipia zebaki kwa bei ya dhahabu. Ofisi za wanunuzi ziko madukani, kwenye mtaa uleule wenye saluni na mama lishe. Soko rasmi la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019 biashara ilipata mahali panapojulikana, bei ikawa wazi, na mchimbaji akapata risiti. Lakini soko hununua dhahabu iliyokwisha chomwa, na halioni ilichomewa wapi.

Dunia imekwisha liona tatizo hili. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia kwenye samaki na kuwalemaza watu, ulianza kutumika Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kiambatisho chake cha uchimbaji mdogo kinataja mambo manne ya kukomeshwa. La kwanza ni kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga mzito tu. La pili ni kuchoma donge bila kifaa cha kunasa mvuke. La tatu ni kuchoma katika makazi ya watu. La nne ni kutumia sayanaidi kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga, ambayo bado yana zebaki, kwa sababu sayanaidi huiyeyusha na kuirahisishia safari ya kwenda kwenye maji. Mkataba huohuo unazitaka nchi ziweke mipango ya kuwakinga watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa wajawazito.

Makazi ya watu yametajwa kwa jina. Ni nadra mkataba wa kimataifa kuingia jikoni kiasi hicho.

Nchini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za uchimbaji mdogo zinamtaka mwenye leseni aangalie mazingira ya eneo lake. Neno la kuzingatia ni leseni. Ofisa akifika, atakagua eneo lenye leseni: mashimo yamefukiwa au la, bwawa la kuoshea linavuja au la. Nyumba ya mtu haina leseni ya uchimbaji, kwa hiyo haiko kwenye ukaguzi, na mama aliyeketi humo na mtoto mgongoni hayumo kwenye fomu yoyote.

Kifaa cha kunasa mvuke kipo, na si kipya. Kinaitwa ritoti: kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linaloshuka kwenye maji. Donge huwekwa ndani, moto huwashwa chini, mvuke hupita bombani, ukipoa hurudi kuwa zebaki na kudondokea majini. Ritoti nzuri ikitumiwa ipasavyo hurudisha hadi asilimia 95 ya zebaki, ambayo inaweza kutumika tena. Kwa hesabu ya kawaida kila mchimbaji angekuwa nayo.

Miradi iliyopita machimboni iligawa na kufundisha, lakini ritoti nyingi hazikuzoeleka. Chuma kilichofungwa hakimwonyeshi mtu dhahabu yake inavyobadilika rangi, na asiyeona huanza kushuku kwamba kuna inayopotea ndani. Inachukua muda mrefu kuliko kopo. Tena ni kubwa, haifichiki mfukoni, na mtu anayeonekana akiibeba kwenda nyumbani ametangaza kwamba leo amepata. Wataalamu walileta jibu la kemia kwenye swali ambalo nusu yake lilikuwa la usalama na kuaminiana. Pale ambapo kikundi chenye leseni kimetenga kibanda cha kuchomea chenye mlinzi, mbali na nyumba, na kila mtu anasimama kuangalia la kwake, ritoti ina nafasi. Ikipelekwa kwa mtu mmoja mmoja, inaishia uvunguni.

Njia ya kuacha zebaki kabisa ipo pia. Katika jimbo la Benguet nchini Ufilipino, wachimbaji wadogo wametumia boraksi kwa miaka mingi kuyeyusha dhahabu moja kwa moja kutoka kwenye mchanga mzito uliosafishwa sana. Rwamagasa yenyewe, Serikali kupitia STAMICO ina kituo cha mfano cha uchenjuaji, sawa na vile vya Katente wilayani Bukombe na Itumbi wilayani Chunya, kinachoonyesha uchenjuaji usiotegemea zebaki. Tatizo ni kwamba mtambo wa aina hiyo unapendelea mzigo mkubwa. Mwenye mifuko mitatu ya mawe na ada ya shule inayodaiwa Jumatatu hawezi kungoja.

Ada ya shule si mfano wa kubuni tu. Sehemu kubwa ya kinachochomwa kwenye kopo hizo ni madaftari, sare na bati la nyumba. Wachimbaji wadogo nchini wanakadiriwa kuzidi milioni moja, na nyuma ya kila mmoja kuna watu wanaokula. Ndiyo maana maneno ya kumwambia mama amkataze mumewe kuchoma ndani ni rahisi kuandikwa gazetini. Yeye mwenyewe huenda ndiye anayeosha mchanga mwaloni, na mtoto wake mkubwa akitoka shule ndiye anayeshika beseni. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza watoto, wengine wenye umri wa miaka minane, wakifanya kazi kwenye machimbo ya Tanzania, ikiwemo kushika na kuchoma zebaki, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza watoto kufanya kazi za hatari.

Anayedhani kwamba habari za mgodi kuingia nyumbani ni za kutishana, akumbuke yaliyotokea Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Huko mawe ya dhahabu yalikuwa na madini ya risasi. Familia ziliyaleta nyumbani na kuyasaga uani, vumbi likatanda mahali watoto walipokuwa wakicheza na kula. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Vijiji vilisafishwa kwa kukwangua udongo wa juu, ua kwa ua. Geita si Zamfara, na zebaki haiui kwa kasi ya namna hiyo. Lakini njia iliyotumika ni ileile: mlango wa nyumba.

Kwa familia zinazoishi machimboni, kuna mambo ambayo hayangoji mtambo wala ofisa. Donge lisichomwe ndani wala barazani. Lichomewe mbali, mahali pa wazi, upepo ukipeleka mvuke upande usio na nyumba, na mchomaji asimame upande upepo unakotoka. Mjamzito na watoto wasiwepo kabisa, hata kwa kuchungulia. Kopo na bati la kuchomea visirudi jikoni, na jiko la kuchomea lisiwe la kupikia. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Huzuia vumbi tu. Nguo na viatu vya kazini vibaki nje, vifuliwe peke yake, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Zebaki isihifadhiwe kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto anaijua chupa ya soda. Bustani ya mchicha isimwagiliwe maji ya mwalo, hata wakati wa kiangazi maji hayo yanapokuwa ndiyo pekee yaliyo karibu.

Jioni makarasha yananyamaza moja moja. Watu wanapanda kutoka bondeni wakiwa na vumbi jeupe hadi kwenye kope, akina mama wameinua mabeseni kichwani, na mbele ya kila nyumba jiko la mkaa linapepewa. Moshi unapanda ulivyo siku zote. Anayepita njiani hawezi kujua kwa kuutazama ni jiko lipi limeinjikwa maharage, na ni lipi limewekwa kopo.